Nilivyoachana na nailoni kwenye wali wangu

Nauza wali na mgebuka, samaki wa ziwani, wa mawese hapa Kibirizi, Kigoma, na miaka yote mteja wa kubeba nilikua namfungia kwenye nailoni, tena mboga ya moto kabisa, hata wali wenyewe kabla ya kupalia makaa naufunika nailoni kwanza ndo naweka mfuniko. Siku moja mteja kabadilisha mawazo akasema atakula hapahapa, nafungua mfuko nakuta nailoni imelegea imejikunjakunja. Roho iliniuma, mwanangu nae namfungia hivyohivyo.

Nikaambiwa usijisumbue, serikali ilishapiga marufuku, iliyobaki ni salama. Jamani si kweli! Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilikua ya mifuko ya kubebea, sababu ya kuchafua mazingira. Wenzetu wa Ulaya wanakataza kemikali yenyewe iliyomo kwenye plastiki, binti wa dada yangu anaesomea maabara ndo alinielewesha: walikataza kemikali inaitwa bisfenoli A kwenye chupa za watoto 2011, Ufaransa ikaitoa kwenye vifungashio vyote vya chakula 2015, na Januari 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya nzima ya kuikataza kwenye vya chakula ikaanza, mpaka rangi ya ndani ya makopo. Hiyo ni ya plastiki ngumu na makopo, si nailoni yangu, ila neno lake moja nililishika: joto na mafuta ndo vinatoa kemikali kwenye plastiki. Na mgebuka wa mawese una vyote.

Nikajaribu gazeti, wino ukabaki kwenye wali. Nikaja na bahasha za kaki, wiki ya kwanza tu mawese yakapenya, kaka mmoja anawahi boti mfuko ukamchanikia, shati jeupe lote likawa jekundu, nikamrudishia hela na ya sabuni juu.

Jibu lilikua nyuma ya nyumba, mgomba. Jani bichi linapasuka ukilikunja, kwahiyo lipitishe juu ya makaa, taratibu, mpaka uone linabadilika linakua kijani cha kung'aa na kulainika, hapo hata ulikunje mara nne halichaniki. Futa, toa ule uti wa katikati, weka mapande mawili yapishane, la chini lilale huku la juu huku, funga na kamba ya mgomba hiyohiyo. Wali nao naufunikia jani, unaiva vizuri kuliko mwanzo. Mboga yenye mchuzi simfungii mtu, aje na hotpoti nampunguzia mia mbili.

Leo asubuhi wamekuja watatu na hotpoti zao.