Kitufe cha "Rudi" kilivyonila siku nne

Nianze na hasira kwanza. Mtu akikwambia "ah hiyo mstari mmoja tu, weka history.back() (amri ya javascript inayorudisha brauza ukurasa uliopita) imeisha hiyo", mshukuru halafu endelea na mambo yako, maana mimi nilimsikiliza.

Nilikuwa natengeneza kwa PHP fomu ya usajili ya hatua tatu, taarifa binafsi, kazi, halafu ukurasa wa kuhakiki kabla ya kutuma. Hapo kwenye kuhakiki pana kitufe cha Rudi, umekosea kitu unarudi unarekebisha. Nikaweka hiyo history.back(), nikajaribu, data zote zipo, nikajiona fundi. Kumbe anayekumbuka ni brauza, sio mimi. Nikaja kuongeza login, yaani session_start() juu ya kila ukurasa (inaanzisha sesheni, kumbukumbu ya kila mtumiaji inayokaa kwenye seva), basi ukibonyeza Rudi unakuta fomu tupu kama haijawahi kuguswa. Nikalaumu javascript, nikabadilisha brauza, wapi. Siku ya pili ndo nikapata akili ya kuangalia heda za ukurasa (maelezo ambayo seva inayatanguliza kabla ya ukurasa wenyewe) nikakuta Expires, yaani mwisho wa kutumika: Thu, 19 Nov 1981, nikajua saa ya seva imekufa hii. Haijafa. PHP ikianzisha sesheni inatuma yenyewe hiyo tarehe ya zamani makusudi, pamoja na Cache-Control: no-store, ili brauza isitunze ukurasa. Sasa ukirudi brauza inaenda kuomba ukurasa mpya, na mpya utakuwa na nini ndani?

Nikasema basi nitazibeba mwenyewe. Rudi ikawa fomu ndogo yenye input za hidden (zisizoonekana), kila nilichopokea kwa POST, yaani fomu ilipotumwa, nakirudisha nilikokitoa. Ilienda vizuri mpaka nilipojaza kwenye kazi "mfugaji wa ng'ombe". Nikabonyeza Rudi, nikakuta nimekuwa mfugaji wa ng.

Nilicheka kwanza, halafu nikakumbuka aliyeandika hiyo kodi ni mimi. Nilikuwa nimefunga thamani kwa alama moja ya nukuu, value='...', kwa hiyo ile alama ya ng' brauza inadhani ndo mwisho wa maneno na "ombe" inatupwa huko. Anayetengeneza fomu za watu wanaotaipu Kiswahili hili halikwepi, ng'ombe, ng'ambo, ving'amuzi, wote wanakatwa shingo. Nikaweka htmlspecialchars, function ya PHP inayogeuza alama kama hizo brauza izisome kama maandishi tu, kwenye mashine yangu safi kabisa, kupandisha kwenye seva bado ni mfugaji wa ng!! Nusu siku nyingine hiyo. Kabla ya PHP 8.1 hiyo function haigusi alama moja mpaka uiambie ENT_QUOTES, na seva ilikuwa bado kwenye 7. Siku hizi ENT_QUOTES naiandika hata pasipohitajika, kwa kinyongo tu.

Na hata hidden ilipokaa sawa, mtu akiacha kitufe changu akabonyeza mshale wa brauza anaulizwa kama anataka kutuma fomu upya, hajui ajibu nini, anakimbia.

Kilichofanya kazi ni kuacha kubebana na data kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kila hatua ikitumwa naiweka kwenye $_SESSION, kisha namhamishia hatua inayofuata kwa 303 (jibu la seva linaloiambia brauza ikafungue ukurasa mwingine), kwa hiyo kurasa zote anazoziona ni GET, za kufungua tu sio za kutuma, na lile swali la kutuma upya limekufa. Rudi sasa ni linki ya kawaida tu, fomu ikifunguka inajijaza kutoka kwenye sesheni.

Ila angalieni visanduku vya tiki. Tiki ikiondolewa brauza haitumi chochote, sio "hapana", ni kimya, na mimi nilikuwa nachanganya mapya juu ya ya zamani, kwa hiyo ukitoa tiki unarudi unaikuta ipo inakuangalia. Futa hatua nzima kwenye sesheni kwanza ndo uandike mpya. Nywila usiiweke humo kabisa, aijaze tena, hatakufa.

Sehemu ya picha ndo msihangaike nayo, brauza haikubali kodi yako ijichagulie faili kwenye kompyuta ya mtu, ni usalama. Mimi napokea picha mara ya kwanza naitunza kwenye seva, akirudi namwonyesha jina la faili na kitufe cha "badilisha". Hiyo peke yake ndo ilikubali mara ya kwanza.