Mtangazaji wa Trinidad Aliyeishia Mlangoni

Wiki hii nimekuwa nikimfikiria mzee mmoja wa Trinidad, kisiwa cha Karibi, ambaye sidhani kama wengi huku kwetu wanamjua: Kamaluddin Mohammed. Jina lenyewe ukilitaja Mombasa au Unguja hakuna atakayegeuza shingo, utadhani unamwita jirani. Lakini huyu ni wa ng'ambo ya Atlantiki, na maisha yake yamenisumbua kuliko nilivyotegemea.

Alizaliwa mwaka 1927, kwenye kisiwa ambako Wahindi walianza kushushwa mwaka 1845 kuja kulima miwa baada ya watumwa kuachwa huru. Walikuja kwa mkataba, manamba hasa, na mpango ule haukukoma mpaka 1917. Kwa hiyo Kamaluddin alipokuwa mtoto, wazee waliopanda zile meli walikuwa bado hai.

Mwaka 1947 Radio Trinidad ikaanza matangazo, na kijana huyu wa miaka ishirini akapata kipindi chake, Indian Talent on Parade. Kilikuwa kipindi cha kwanza cha redio cha Wahindi kisiwani humo. Waimbaji wa hapo hapo nyumbani wakapewa kipaza sauti. Najaribu kuwaza ilikuwaje kwa mama wa shamba la miwa kusikia wimbo wa lugha ya bibi yake ukitoka kwenye kisanduku kile kile kilichokuwa kikisoma habari za Mfalme wa Uingereza. Familia yao iliendelea na kazi hiyo: mwaka 1970 ndugu zake, Sham na Moean, walianzisha Mastana Bahar, shindano la vipaji la runinga lililokuja kupendwa mno.

Sasa, mtu ambaye sauti yake imeshaingia sebuleni kwa watu hahitaji kujitambulisha kwenye kampeni. Eric Williams, mwanahistoria aliyekuja kuwa waziri mkuu, ambaye alikuwa akifundisha umati siasa pale Woodford Square, uwanja wa mji mkuu Port of Spain, alilijua hilo. Alipounda chama cha PNM (People's National Movement) mwaka 1956, Mohammed alikuwa mmoja wa waasisi. Wahindu wengi walikuwa upande wa Bhadase Maraj na chama chake cha PDP. PNM, chama chenye nguvu kwa watu weusi wa mijini, kilihitaji sura za Kihindi ili kisionekane cha kabila moja. Kilishinda viti 13 kati ya 24, na Mohammed akaingia kwenye baraza la kwanza la mawaziri, meza moja na Learie Constantine, yule mchezaji kriketi ambaye naye alikuwa ametangaza sana BBC. (Baraza la watu wenye koo, hilo!)

Kisha ukaja mwaka 1958. PNM ikashindwa kwenye uchaguzi wa shirikisho la West Indies, yaani visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza, na Williams akapanda jukwaani kuwalaumu Wahindi, akiwaita wachache wakaidi na wenye uadui. Mohammed alibaki chamani. Hapo ndipo ninapokwama. Mara naona ni uvumilivu wa mtu anayejua kwamba akitoka, watu wake hawatakuwa na mtu ndani. Mara naona ni mtu aliyeshapenda kiti. Pengine yote mawili.

Miaka iliyofuata alishika wizara nyingi, nami sitazihesabu. Inayonivutia ni ile ya mambo ya West Indies, kwa sababu ndiyo iliyomweka katikati ya kazi ya kujenga CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibi ambayo mkataba wake ulitiwa saini Chaguaramas, huko huko Trinidad, mwaka 1973. Sisi yetu ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Yao iko mpaka leo. Mwaka 1978, akiwa waziri wa afya, alikuwa rais wa Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva.

Machi 1981 Williams akafariki akiwa madarakani. Chama kilikuwa na manaibu watatu: Mohammed, Errol Mahabir na George Chambers. Mohammed ndiye aliyekuwa mkongwe wao, na alikuwa amekaimu uwaziri mkuu mara nyingi. Rais Ellis Clarke akamteua Chambers. Wawili kati ya watatu walikuwa na asili ya India, na wote wawili wakarukwa. Watu wengi walisema waziwazi kwamba nchi haikuwa tayari kwa waziri mkuu Mhindi, sembuse Mwislamu. Kile kilichomfanya atafutwe mwaka 1956 ndicho, kwa maneno yao, kilichomfungia mlango. Naye hakuhama chama.

Mwaka 1986 PNM ikaangushwa vibaya, viti 3 kati ya 36, na zama zake bungeni zikaisha. Miaka tisa baadaye Basdeo Panday, mtu mwingine wa maneno, aliyepata kuigiza kabla ya kuongoza chama cha wafanyakazi wa miwa, akawa waziri mkuu wa kwanza mwenye asili ya India, kwa tiketi ya wapinzani. Mohammed aliyaona hayo yote, alifariki 2015.

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia alisema, "Basi alikuwa pambo la chama." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Pambo halikai wizarani miaka thelathini likifanya kazi, nilimwambia. Akaniuliza: sasa kama alikuwa anafaa kiasi hicho, mbona hakugomba hata siku moja? Bado sijamjibu.