Bafta

Bagamoyo, Jumapili, 3 Novemba 2024

Jora la bafta limesimama kwenye kona ya chumba changu cha cherehani, halijapungua hata shubiri. Wiki mbili zilizopita nililikunjua mezani, nikapima, nikashika chaki. Kisha mkono ukakataa.

Mteja alikuwa mama kijana aliyehamia hapa kutoka Dar. Alinionyesha picha kwenye simu: mtoto kafunikwa shuka jeupe toka utosini hadi miguuni, matundu mawili ya macho, basi. Alitaka manane, ya wanawe na wenzao, kwa ajili ya Halloween ya shuleni kwao, ile sherehe ya mwisho wa Oktoba ambayo watoto hujivika kama mizimu. "Fundi, hii kwako ni kazi ya saa moja," akaniambia, na alisema kweli. Ni kukata, kupinda ukingo na kutoboa macho. Pesa aliyoitaja ingenunua umeme wa mwezi mzima.

Lakini bafta kwangu ina kazi moja. Mtaani kwetu ukionekana unapita na bafta kwapani, watu wanasimama kukuuliza, "Nani katutoka?" Vipande vitatu vya mwanamume, vitano vya mwanamke. Vitano vya mama yangu nilivikata mwenyewe, shangazi akinishikia upande wa pili, na mpaka leo nakumbuka mlio wa kile kitambaa kikichanika ndani ya nyumba iliyojaa watu walionyamaza. Ningewezaje kukitoboa macho?

"Dada, nitakushonea chochote," nikamwambia. "Simba, popo, malkia. Hiki sitakiweza." Hakukasirika. Alishangaa tu, akasema ni mchezo wa watoto, hakuna anayewaza maiti. Nilimwamini, na bado namwamini. Yeye alikuwa ameleta shuka. Sanda niliiona mimi.

Wiki ile yote ikawa ni hayo. Baba mkubwa, ambaye amesomesha madrasa tangu sijazaliwa, hakutaka hata jina la sherehe hiyo litajwe barazani kwake. Alisema mambo ya usiku hayaitwi kwa mchezo, maana ukiyaita yataitika. Wa bara wanaweza kuona ni ushirikina, lakini sisi tumelelewa hivyo: usiku hupigi mluzi, na ukisikia jina lako gizani huitiki mpaka umjue anayekuita. Mimi mwenyewe, na ufundi wangu wote, simwazimi mtu sindano jua likishatua. Kwa hiyo sikumwona baba mkubwa kuwa mzee mgumu. Niliona anawalinda watoto kwa namna anayoijua.

Jirani yangu Mkatoliki alikuwa na uchungu wa aina nyingine. Yeye siku hizo ni zake tangu utoto. Alinikumbusha kwamba jina lenyewe Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha, tarehe 1 Novemba ni sikukuu, na tarehe 2 ni ya Marehemu Wote, siku ya kwenda makaburini. "Wamechukua mkesha wakaacha sikukuu," akasema. Alikuwa anachambua mchicha, akawa anauchambua kwa nguvu kuliko unavyostahili.

Mdogo wangu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya ufukweni, na yeye hataki kusikia maneno ya mtu. Kwake Halloween ni usiku wa posho ya ziada. Wageni wanatoka Dar, wanalipa kiingilio, wanalala, wanakula. "Dada, mkishamaliza kubishana mniambie ada ya mtoto wangu inalipwa na nani." Sikuwa na jibu, na sidhani kama kuna mtu barazani alikuwa nalo. Watu wakisema biashara wanasema kama vile ni mnyama wa porini, wakati biashara hiyohiyo ndiyo inayompeleka mpwa wangu darasani.

Jumatano usiku alirudi na ndoo. Walikuwa wamechonga maboga kumi na manne, yakatolewa macho na meno, yakawekewa taa ndani. Nyama yake yote ilikuwa itupwe. Akaiomba, akaibeba, tukakaa sakafuni sisi wawili tukitenganisha mbegu na zile nyuzi za njano zinazonata vidoleni. Tulilipika kwa tui zito, sukari na iliki, tukagawa nyumba nne. Baba mkubwa akala bakuli mbili. Nilimwambia boga limetoka wapi kabla hajala, maana nisingemlisha kwa kumficha. Akasema boga halina kosa.

Usiku ule nilikaa na simu nikisoma. Nilitaka kujua kitu hiki kilianzia wapi kabla ya kukisemea. Kumbe mizizi yake inatajwa kuwa Ireland ya kale, kwenye sikukuu ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, na baadaye Kanisa likaweka siku za watakatifu na marehemu wakati huohuo. Waairishi walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo. Njaa ya kuharibika kwa viazi iliyoanza kwao mwaka 1845 ndiyo iliyowasukuma kwa wingi kuvuka bahari hadi Marekani, na huko wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga.

Kilichonishika zaidi ni milango. Zamani Uingereza na Ireland, watoto na maskini walipita nyumba kwa nyumba siku hizo, wakiimba na kuahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile, nao wakapewa vimkate. Marekani ya leo sala haipo, lakini mlango bado upo. Mtoto anabisha, jirani anafungua, anajifanya kuogopa, anatoa pipi. Mwaka 1950 watoto wa Philadelphia walianza kubeba makopo milangoni hivyohivyo kuchangisha senti za watoto wa nchi nyingine kupitia UNICEF. Mtoto wa jirani yako kasimama kizingitini, nawe huwezi kumrudisha mikono mitupu.

Mbona hilo tunalijua. Siku ya Idi watoto wa mtaa huu wanapita wakitaka mkono wa Idi, wa Kiislamu na wa Kikristo kwa pamoja, kanzu mpya na magauni yanayowasha shingoni. Tangu usiku wa kuamkia Idi mama yangu alikuwa ameshavunja noti kuwa sarafu, kazipanga kwenye kisahani, na ole wako uguse. Nilipokuwa mdogo niliamini sarafu zile zinatoka kwa Mungu moja kwa moja.

Kwetu hapa Halloween imefika bila mlango. Imefika na bili.

Nasema hivi nikijua ninachokisema. Shule moja, siitaji, iliwatumia wazazi ujumbe: shilingi 40,000 kwa kila mtoto, ndani yake mfuko wa pipi, picha na muziki, vazi juu ya mzazi. Asiyelipa, mtoto wake abaki nyumbani siku hiyo. Sikuusikia kwa watu, niliusoma kwenye simu ya dereva wa bodaboda anayenipelekea mizigo. Binti yake wa miaka saba anasoma pale kwa kusaidiwa na mjomba. Alisimama mlangoni kwangu na kofia mkononi, akaniuliza kama kuna vipande vyovyote vimebaki, nimshonee kitu, labda akienda amevaa watamruhusu. Nikamshonea kipepeo. Mabawa niliyatoa kwenye mabaki ya kanga, nikayatia waya wa mwavuli uliovunjika ili yasimame. Alipojiona kwenye kioo alizunguka mpaka akajigonga mezani. Hawakumruhusu. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliolipa.

Hapo ndipo nilipokasirika. Hasira yangu haikuwa kwa mizimu, wala kwa maboga, wala kwa yule dada wa Dar. Ni kwa watu wazima waliochukua sikukuu ambayo kiini chake ni mtoto kupewa bure na asiye mzazi wake, wakaigeuza kuwa kitu ambacho mtoto ananunuliwa, na asiyenunuliwa anafungiwa nje. Hata kule kwao fedha zimeshakuwa nyingi. Chama cha wauzaji wa rejareja cha Marekani kilikadiria kwamba mwaka 2023 Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa sherehe hiyo. Wapo wazazi kulekule wanaonung'unika, na yapo makanisa yanayowafanyia watoto sherehe ya mavuno jioni hiyohiyo. Lakini mtoto asiye na pesa bado anaweza kujifunika shuka la kitandani akabisha hodi.

Shuka la kitandani lilinirudisha kwenye vitambaa, mawazo ya fundi hayaendi mbali. Wazee wetu walikuwa na kitambaa cha pamba walichokiita merikani. Jina linasema kilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, walikileta Zanzibar katika karne ya 19, na kutoka hapa Bagamoyo misafara ikakibeba hadi Tabora na Ujiji. Kwa kitambaa hicho zilinunuliwa pembe na walinunuliwa watu. Pamba ya viwanda vya Marekani nayo ililimwa na watumwa. Salem hiyohiyo ndiyo iliyowaua watu 20 kwa kesi za uchawi za mwaka 1692, na leo kila Oktoba inafurika wageni wanaokuja kushangilia wachawi. Nilisoma hayo saa sita za usiku, nikaamka nikaenda kulishika lile jora gizani. Bafta yangu si merikani, najua. Nililishika tu.

Alhamisi jioni baba yake yule binti alimleta na mabawa yake, macho yamevimba. Nikamshika mkono, nikamwambia twende tukabishe hodi. Sikuomba ruhusa kwa mtu, na sijui kama nilifanya vema. Nyumba ya kwanza walimpa kashata. Ya pili, embe. Ya tatu ni ya jirani yangu Mkatoliki, ambaye alitazama mabawa, akanitazama mimi, akaingia ndani, akatoka na ubuyu umefungwa kwenye karatasi. Akamwambia, "Sema asante, kisha mwombee marehemu mama yangu." Mtoto akaitikia, "Nitamwombea," kwa sauti ya darasani. Nyumba ya nne walituuliza kama tumekosa kazi, wakafunga. Kwa baba mkubwa sikumpeleka, heshima ilinizuia.

Jana tarehe 2 nilimsindikiza jirani makaburini, mimi na mwanangu wa mwisho. Tulipitia misheni, chini ya ile miembe mizee, kwenye misalaba ya mapadre na mabradha wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 na miaka iliyofuata, wengi wakamalizwa na malaria hata hawajazeeka. Mwanangu aliuliza kama hawa nao ni mizimu. Jirani akamjibu kuwa hao ni wageni waliofia kwetu.

Kwenye kaburi la mama yake tulifyeka majani kwa panga, tukafagia, akachomeka mishumaa miwili mchangani. Upepo wa bahari ukauzima mmoja, akauwasha, ukauzima tena. Basi mwanangu akachuchumaa, akauzungushia viganja, akakaa hivyohivyo bila kusema kitu mpaka jirani alipomaliza rozari yake.