Asubuhi ya Kusikiliza Gari Bombo

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia simu kutoka Ntinda, Kampala, akiuliza kama ni kweli kwamba gari likitoa mlio wa kugonga upande wa mbele ni lazima shokapu zote mbili, zile za kupunguza mtikisiko, zibadilishwe, maana fundi wake alikuwa ameshamwandikia orodha ya spea za kununua. Nilimwomba asitoe hata shilingi kabla mtu hajalisikiliza gari lenyewe. Tangu simu ile, yule fundi mzee wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, hajanitoka akilini, wala safari ya Arua, mbali kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambayo nusura isifanyike.

Ilikuwa mwaka 2009, karibu na harusi ya dada kule Arua. Mama alikuwa hana budi kufika, na gari lililokuwapo lilikuwa ile Toyota Corona ya marehemu baba. Lilikuwa likigonga mbele: mlio ulikuwa mkavu, ko-ko-ko, ukisikika upande wa kulia kila gari lilipokwenda polepole kwenye barabara ya vumbi, na ukipotea kabisa kwenye lami iliyonyooka. Gereji moja ya Kampala ilikuwa imelitia jeki gurudumu la kulia, ikalitikisa, ikasema shokapu zimekufa. Zikabadilishwa, mlio ukabaki. Ikasema ni bushi za mikono ya chini, yaani raba za vyuma vinavyoshikilia magurudumu. Nazo zikabadilishwa, mlio ukabaki, na fedha za safari zikazidi kupungua. Lakini kilichonikosesha usingizi hakikuwa fedha. Ukitoka Bombo unapita Luweero, unakwenda mpaka Karuma, unavuka Nile, unakata kushoto hadi Pakwach na kuvuka Nile mara ya pili, kisha Nebbi, ndipo Arua. Katika mwendo wote huo, bolijointi ya chini, kiungo kinacholishika gurudumu kwenye mkono wa chini, ikiwa imelika na ikaachana, gurudumu hukunjika chini ya gari na usukani hauna tena kitu cha kuongoza. Mlio wa namna hiyo unaweza kuwa wa kitu kidogo kinachokera masikio tu, na unaweza kuwa wa kitu kinachoua, na mtu aliyeketi kwenye usukani hana njia ya kuvitofautisha kwa sikio peke yake.

Mzee alikuwa amejifunza kazi katika karakana ya jeshi, na kiwanja chake kilikuwa na shimo la kukagulia magari lililojengwa kwa matofali. Hakugusa spana. Aliniuliza maswali: mlio unakuja kwenye mashimo makubwa au kwenye vijiwe vidogo? Unapokata kona? Unapokanyaga breki? Unapoiachia? Kisha akapanda, tukaenda kwenye njia ya vumbi nyuma ya soko, vioo vikiwa wazi.

"Kanyaga breki kidogo tu, mwanangu, usisimame," alisema.

Mlio uliendelea. Akaeleza kwamba kama pedi za breki zingekuwa zimelegea, breki ingezibana na zingenyamaza. Tuliporudi kiwanjani alinitaka nizungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa limesimama, huku mkono wake ukiwa juu ya springi. Hakuhisi springi ikiruka wala kukwama, kwa hiyo maunti ya juu ya shokapu, kishikizo chake kwenye bodi, haikuwa na lawama. Ndipo alipoinua mbele yote, magurudumu mawili yakining'inia, akatia mtaimbo kati ya mkono wa chini na kifundo cha gurudumu, akawa anasukuma na kuachia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akalishika gurudumu juu na chini, kisha kulia na kushoto ili kupima tairodi, vyuma vinavyoyageuza magurudumu usukani unapozungushwa. Alipotamka, "Bolijointi ni nzima, tairodi ni nzima, mama yako atafika Arua," nililazimika kuegemea ukuta.

Mlio, hata hivyo, ulikuwa bado haujulikani, na kwake kazi haikuwa imekwisha. Alilishusha gari, tukalisukuma juu ya shimo likiwa limesimama kwa miguu yake yote, akaingia chini na kuwaambia vijana wake wawili walitikise kwa mabega, taratibu, upande huu na upande huu. Aliweka mkono hapa, akauondoa, akaweka pale. Kisha akaniita nishuke shimoni. Kulikuwa na harufu ya oili ya zamani, na mwanga uliingia kwa vipande kati ya magurudumu. Alinishika kidole cha shahada akakiweka juu ya jointi ndogo ya linki ya stabilaiza, upande wa kushoto, si kulia, akawaambia vijana, "Tena." Gari liliyumba, na nikausikia mlio ule ule uliokuwa umetusumbua, lakini safari hii niliusikia kwa kidole: kipigo kidogo, kigumu, kikiingia kwenye mfupa kabla hakijafika sikioni. "Tena," alisema, na kikaja tena. Alikihamishia kidole changu upande wa kulia. Gari likayumba vile vile, na chini ya kidole kukawa kimya.

Humo humo shimoni alinifafanulia kwa nini gereji ya mjini haikuona kitu. Stabilaiza ni chuma kimoja kirefu kinachounganisha mguu wa kulia na wa kushoto ili gari lisilale sana kwenye kona, na linki ni kifimbo kifupi kinachoishikilia kila upande. Ukiinua gurudumu moja tu, mguu mmoja unaning'inia na mwingine umebeba uzito, chuma kinajipinda, na kule kujipinda kunaibana linki iliyolegea mpaka ionekane nzima. Na kwa kuwa sauti husafiri ndani ya chuma kile kile, ya kushoto inaweza kusikika kulia.

Hata hapo hakuniagiza kwenda kununua. Aliifungua linki ile, akaniambia niendeshe polepole katika njia ile ile bila hiyo. Kimya. Ndipo kijana mmoja alipotumwa Kampala, soko la Kisekka, kuleta mpya. Katika kungoja, mzee alizilegeza boliti za bushi zilizobadilishwa mjini na kuzikaza upya gari likiwa chini, kwa sababu zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba hujipinda kila siku na kuchanika mapema.

Alinitoza bei ya kufunga linki moja. Nilipoongeza, alipokea kwa mikono miwili, akatuombea safari njema, akaenda kuswali adhuhuri. Tulifika Arua.

Jambo linalonisumbua mpaka leo ni bei ile. Gereji iliyokisia ililipwa kwa shokapu na kwa bushi. Mzee aliyetumia asubuhi nzima kutafuta alilipwa kwa kifimbo kimoja, kwa kuwa kwetu fundi hulipwa kwa alichobadilisha, na kutafuta hakuna bei. Vijana waliokuwa wakitikisa gari siku ile waliziona hesabu hizo mbili vizuri kuliko mimi. Mmoja wao ana gereji yake sasa, kubwa, kando ya barabara kuu. Nilipompelekea gari langu likiwa linagonga, alilitia jeki gurudumu moja mara moja. Nilimkumbusha shimo la mzee.

"Nakumbuka kila kitu, mzee wangu," alinijibu kwa heshima. "Lakini wale watano wanaongoja nyuma yako, nani atanilipa nikisikiliza?"

Nilimwambia mimi nitalipia kusikiliza, na ataje bei. Alifikiri kwa muda, kisha akakiri kwamba hajui aniambie ngapi. Tukabaki tunajadiliana bei hiyo, naye akalishusha gari.