"Will have been teaching": neno "kutimiza" ndilo lililonifungulia

Ushauri niliopewa kuhusu "future perfect continuous", yaani muundo wa Kiingereza wa kusema tendo litakuwa limeendelea kwa muda gani ikifika siku fulani, ulikuwa mmoja: kariri kanuni. "Will", halafu "have", halafu "been", halafu kitenzi chenye "-ing". Nikakariri. Kanuni yenyewe haina ubaya, na ni nyepesi kuliko nyingi za Kiingereza, maana "will" haibadiliki kwa nafsi yoyote, na "have" haigeuki "has" hata ukisema "she". Ila kanuni haikwambii uitumie lini. Ushauri wa pili ulinipotezea muda zaidi: "Acha kufikiri kwa Kiswahili." Mimi Kiswahili ndicho kilichonitoa.

Kwanza nilikosea kwa kutafsiri neno kwa neno. "I will have been teaching" nikaipa "nitakuwa nimekuwa nikifundisha". Kisarufi inapita, lakini nani anaongea hivyo? Mwalimu aliyeanza kazi Machi 2017 anasema: "Machi 2027 nitatimiza miaka kumi nikifundisha." Nilipoiandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuweka ya Kiingereza chini yake, kila kitu kilikaa mahali pake: "By March 2027, I will have been teaching for ten years." Tangu hapo, nikisikia "kutimiza muda fulani nikifanya jambo fulani", najua Kiingereza chake ni hiki.

Angalia anachofanya huyo mwalimu. Anaongea leo, lakini amejisogeza hadi Machi 2027, akasimama pale, akageuka nyuma na kuhesabu miaka. Kufundisha kulianza zamani, kunaendelea sasa, na huenda kutaendelea hata baada ya hapo. Kinachosubiriwa ni siku ya kuhesabia tu. Kwa hiyo anayekufundisha kwamba hii ni ya mambo ambayo hayajaanza anakupoteza. Tendo laweza kuwa limeanza miaka mingi iliyopita, laweza kuanza sasa hivi, laweza hata kuanza Jumatatu ijayo. Usipotaja muda ("for ten years"), msikilizaji anabaki akisubiri umalizie.

Kiungo "by" nacho kina mtego, kwa sababu "hadi" yetu inabeba mizigo miwili. "Hadi Desemba nitakuwa nimefanya kazi hapa miaka mitano": wengi wanaandika "Until December". Lakini "until" ni ya tendo linaloendelea mpaka linakoma. Jaribu kubadilisha "hadi" iwe "ifikapo". Ikikubali, andika "by".

Sasa kuna saa, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sijaona kitabu kinachomweleza Mswahili jambo hili. Basi linaondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi kwenda Dodoma. Abiria anasema: "Ikifika saa 8 mchana tutakuwa tumesafiri saa 8." Kwake sentensi imenyooka, 8 na 8, kwa sababu saa zetu zinaanza kuhesabiwa pale pale basi lilipoondoka. Kiingereza chake ni "At two o'clock, we will have been travelling for eight hours." Nimeona watu wakiandika "At eight o'clock... for eight hours", na hiyo kwa Mwingereza ni saa 2 asubuhi, wakati basi limesafiri saa mbili tu. Wengine wanabadilisha zote mbili wanapata "At two o'clock... for two hours", nayo inapoteza saa sita za safari.

Dawa yake: saa ya ukutani ibadilishe kwa sita, muda usiuguse. Neno "o'clock" likae upande wa "at" au "by", na "hours" likae upande wa "for". Basi likiondoka saa 3 asubuhi, ikifika saa 8 mchana limesafiri saa 5: "At two o'clock, we will have been travelling for five hours." Fanya hesabu hii kwa mabasi kama manne yanayoondoka saa tofauti, mkono utazoea.

Kosa jingine linatokana na "-taka-" ya "utakapofika". Inavuta "will", mtu anaandika "By the time you will arrive, I will have been waiting for two hours." Baada ya "by the time" na "when" za namna hii, Kiingereza kinataka wakati uliopo: "By the time you arrive". "Will" inatokea mara moja tu, kwenye upande wa kungoja.

Ukihesabu vitu vilivyokamilika, ondoa "been" na "-ing". "By six I will have been marking for four hours" ni muda. "By six I will have marked forty papers" ni idadi. Usiseme "will have been marking forty papers".

Pia kuna vitenzi vinavyokataa "-ing" kabisa hata kama "kutimiza" inaingia vizuri: "know", "own", "believe", na "have" ya kumiliki. "Juni nitatimiza miaka kumi nikimfahamu" ni "By June, I will have known her for ten years." "Live" na "work" zinakubali njia zote mbili.

Kosa linaloniudhi zaidi kwenye barua za kuomba kazi ni "By June I will be working here for five years". Linatokana na "nitakuwa nikifanya". Hapo hakuna aliyegeuka nyuma kuhesabu. Rudisha "have been". Na sentensi ya aina hii moja ndani ya barua inatosha, tena pale unapotaka uzoefu wako uonekane.

Kukanusha ni "won't have been": "By June I won't have been working here for a year", yaani sitakuwa nimetimiza mwaka. Kuuliza ni "How long will you have been studying by then?" Masikioni "will have been" husikika karibu kama "wilavbin", "h" ya "have" humezwa, usiisubiri.

Mimi nilitumia kama dakika kumi kila jioni kwa wiki mbili hivi, nikichora mstari wenye nukta tatu: mwanzo, leo, siku ya kuhesabia. Kodi ya nyumba, mtoto aliyeko chuo, fundi anayejenga, vyote vinatoa sentensi.

Matumizi ya mwisho hayana wakati ujao hata kidogo, na Kiswahili kinafanya vile vile. Mgeni ameingia na begi, macho mekundu, nawe unasema "atakuwa amesafiri usiku kucha". Unakisia tu. Kiingereza: "She'll have been travelling all night." Na ukifungua mlango ukakuta watu wamejipanga barazani: "You'll have been waiting since morning. Come in." Mtakuwa mmesubiri tangu asubuhi, karibuni ndani.