Mvua ya Seattle na kutu ndani ya sefu

Jamani, leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Ile nyembamba ya Seattle, haina radi wala haraka.

Jioni kwa jirani, siasa zikatupeleka kwenye bunduki. Wengi nyumbani hudhani Marekani unaingia dukani, unalipa, unaondoka na silaha. Jimbo la Washington, ilipo Seattle, siyo hivyo. Tangu Januari 2024 lazima uwe na mafunzo ya usalama, rekodi zako zikaguliwe, kisha usubiri siku 10 za kazi. Magazini (vile vibebeo vya risasi vya bunduki) ya zaidi ya risasi 10 hayauzwi tangu Julai 2022.

Na mtoto akiifikia bunduki iliyoachwa ovyo, mwenyewe anaweza kushtakiwa. Hapo naiunga mkono sheria kwa moyo wote.

Jirani akafungua sefu: bastola ndani ya ala ya ngozi, na vidoa vya kutu rangi ya chungwa juu ya chuma.

Ngozi hufyonza unyevu na kuukumbatisha chuma. Kwanza hakikisha bastola haina risasi, hata kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Itoe kwenye ala, ifute kwa mafuta kidogo, weka vipakiti vya kukausha unyevu.

Lakini sefu ibaki imefungwa, kutu au hakuna kutu.

Huko mliko sheria inasemaje?