Stelingi Asiyepigana

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video ya Bukoba tulimjua stelingi kabla filamu haijafika mbali. Ni yule mwenye bunduki isiyoishiwa risasi, na tulilipa kiingilio tukijua hafi. Wengine waliokuwa wakikimbia nyuma yake, wanawake, wazee na watoto, hatukuwapa hata jina.

Kwa hiyo mwaka 2005, niliporudi likizo na diski ya The Pianist kutoka Dar es Salaam, ilipokewa kwa manung'uniko. Nilikuwa nimesikia kwamba mwongozaji wake, Roman Polanski, na mwigizaji wake mkuu, Adrien Brody, walipata tuzo za Oscar mwaka 2003. Tulikaa sebuleni kwa shangazi yangu jioni. Yeye alikuwa kwenye kochi na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Mwanawe mkubwa, binamu yangu aliyezaliwa mwaka mmoja kabla ya Vita vya Kagera, alijinyoosha kwenye mkeka. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.

Nikawaeleza kadiri picha zilivyokuja. Huyu ni Władysław Szpilman, mpiga piano wa redio ya Poland mjini Warsaw. Septemba 1939 mabomu ya Wajerumani yanaanguka naye yuko studio. Mwaka uliofuata Wayahudi wa mji ule, zaidi ya watu 400,000, wanafungiwa ndani ya ukuta. Mwaka 1942 wanaanza kupakiwa kwenye treni kupelekwa Treblinka kuuawa. Familia ya Szpilman imo kwenye foleni, na yeye pia, mpaka polisi mmoja anayemfahamu anamvuta nje kwa nguvu. Wazazi, kaka na dada wanakwenda. Yeye anabaki.

Hapo shangazi aliacha kuchambua maharage.

"Sasa ndiyo ataanza kuwalipiza," binamu akasema. Hakulipiza. Alishiriki kuingiza bastola kwa siri ndani ya ukuta, zikiwa zimefichwa kwenye magunia ya chakula, lakini maasi yenyewe ya Aprili 1943 aliyaangalia dirishani, akiwa amefichwa kwenye nyumba ya ng'ambo ya ukuta. Kutoka nyumba hii mpaka ile, njaa, homa, mlango unafungwa kwa nje. Binamu akachoka. "Stelingi gani huyu? Anajificha tu."

Kisha ikaja sehemu ambayo Szpilman amefichwa kwenye chumba chenye piano, na ameonywa asitoe sauti. Anakaa, anafunua kifuniko, anaanza kupiga. Muziki tunausikia sisi, lakini vidole vyake vinacheza hewani, juu kidogo ya funguo, bila kuzigusa.

"Huyo ni kama anamziba mtoto mdomo," shangazi akasema.

Hakuna aliyemjibu. Filamu ikaendelea mpaka Warsaw imebaki magofu matupu, baada ya maasi ya pili ya mwaka 1944. Szpilman, ndevu zimemjaa na anachechemea, amepata kopo la matango ya siki na hana cha kulifungulia. Anahangaika nalo kwa vyuma vya kuchochea moto. Binamu akacheka kwa hasira: mji mzima umeteketea, huyu anagombana na kopo!

"Baba, hebu isimamishe," shangazi akaniambia.

Nikabonyeza rimoti. Akamgeukia mwanawe.

Aliolewa kule kati ya Mutukula, mpakani na Uganda, na mto Kagera. Hilo tulilijua. Tulijua pia kwamba askari wa Idi Amin walipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 alikuwa kule, mume wake yuko Bukoba mjini. Zaidi ya hapo hakuwa anasema. Ukimuuliza habari za vita alijibu, "Mimi sikupigana, waulizeni waliopigana."

"Tulikimbilia mtoni," akasema. "Daraja la Kyaka likavunjwa, tukarudi migombani. Ndizi zipo, utazipikaje? Ukiwasha moto, moshi unakusema. Tukala muhogo mbichi. Chumvi nilikuwa nimeifunga kwenye ncha ya kanga, ndiyo nikawa nakulambisha wewe unyamaze. Chumvi ikaisha. Wakipita karibu nakuziba mdomo kwa kiganja, nakuachia kidogo uvute pumzi, nakuziba tena. Kuna usiku ulilegea, nikajua nimekuua. Mvuvi mmoja ndiye aliyetuvusha kwa mtumbwi, gizani. Sikumpiga mtu hata kofi. Nilikuwa naomba kukuche tu."

Binamu alikuwa ameinuka, amekaa. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikimbia?"

Neno hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Kagera tunajua kuwaheshimu waliopigana, na wanastahili. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, ile ya sababu, nia na uwezo, tuliikariri tukiwa wadogo. Makaburi ya askari wetu yako Kaboya, Muleba, na kila Julai 25 taifa linawakumbuka mashujaa wake. Sipunguzi chembe ya heshima hiyo. Lakini mama aliyekaa migombani na mtoto, akitafuta namna ya kufika kesho bila moto wala chumvi, tulimhesabu kuwa mkimbizi tu. Adui alitaka asiwepo, yeye akawepo, na mtoto wake akawepo. Mimi huo ndio naouita ushujaa, na hakuna bunduki inayouzidi. Polanski aliujua kwa mwili wake: alikuwa mtoto kwenye geto la Kraków, mtaa mwingine wa Poland walimofungiwa Wayahudi, na mama yake aliuawa kwenye kambi ya Auschwitz. Ndiyo maana hakumpa Szpilman bunduki ili tumpende.

"Washa tumuone," shangazi akasema.

Kopo likaanguka, likabingirika hadi kwenye buti za ofisa wa Kijerumani. Ni Wilm Hosenfeld, kapteni. Anamwambia apige piano, naye anapiga Chopin kwa vidole vilivyokakamaa. Shangazi alikuwa anangojea kitu kingine. Ofisa aliporudi na kifurushi, ndani mna mkate, jemu na kifungulio cha kopo, alipiga makofi mara moja kwa nguvu.

Maandishi ya mwisho niliyasoma kwa sauti: Hosenfeld alifariki mwaka 1952 katika kambi ya wafungwa ya Kisovieti, Szpilman mwaka 2000, akiwa na miaka 88.

"Alipata watoto?" shangazi akauliza.

Filamu haisemi. Nikatafuta baadaye, nikampigia simu: alioa baada ya vita, wakajaliwa wavulana wawili.

"Basi amewashinda," akasema.